Abiria Naye Huongoza Chombo



Mwaka mmoja, katika siku za kusi kali, tulikuwa na aila yetu ndani ya mashua iliyotoka Lamu kuelekea Manda. Mawimbi yakirusha maji upande wa joshini, unakotoka upepo. Kina mama, wakihofia buibui zao na watoto kulowa, wakahamia mmoja mmoja upande wa demanini. Mashua ikalala. Mara tukamwona mshika usukani akivuta kana kwa mikono miwili, na omo ikikataa, ikizidi kuelekea kwenye upepo. "Rudini joshini, kwa upole!" akaita nahodha, huku kamba ya tanga ikilegezwa. Tukarudi. Chombo kikainuka, na usukani ukawa mwepesi.

Wengi wetu tulidhani upepo umepungua. Upepo ulikuwa ule ule. Mizani ya chombo ndiyo iliyobadilika.

Nguvu ya upepo katika tanga hufanya kazi kana kwamba yasukuma mahali pamoja. Na maji nayo huuzuia ubavu na mkuku mahali pengine. Viwili hivyo vikilingana, chombo huenda sawa. Msukumo wa tanga ukirudi nyuma ya kizuizi cha maji, omo hugeukia upepo. Ukisogea mbele, omo huukimbia. Na chombo kinapolala, tanga hutokeza juu ya maji upande wa demanini, na msukumo wake hukizungusha chombo kuelekea upepo, kama vile mlango uzungukavyo kwa wepesi ukisukumwa mbali na bawaba. Usukani ukipindwa sana ili kushindana na hilo, huwa kama breki: mwendo hupungua, na hatari haiondoki.

Ndiyo sababu mabaharia wa Lamu huhamisha viroba vya mchanga upande wa joshini, na katika mashindano hukaa juu ya ubao mrefu utokezao nje ya chombo.

Basi, tuwafundishe watoto wetu kabla ya kupanda: tukae tulipowekwa, tukiambiwa tuhame, tuhame polepole, bila ya kusimama wala kukimbilia upande mmoja. Nguo ikilowa, ilowe, itakauka juani.

Vyombo kupita baharini ni katika ishara za Mola wetu. Nahodha hutawakali baada ya kupanga uzito wa chombo chake, nasi abiria tu katika uzito huo.

Wabillahi tawfiq.