Mtoto akiandikiwa kipimo cha picha, mzazi uliza haya

Mtoto ameanguka kutoka juu ya mparachichi kule Kibosho. Mkono umevimba, analia. Mnashuka naye hospitali mjini Moshi, daktari anaandika eksirei. Papo hapo unajiuliza: mionzi hiyo haitamdhuru?

Ni swali zuri, ila vipimo vya picha havifanani.

Eksirei, iliyogunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka 1895, hutumia mionzi kuonyesha mifupa na mapafu. Kiasi chake ni kidogo. Picha moja ya kifua inakaribia mionzi ambayo kila mmoja wetu huipata kutoka ardhini na angani kwa siku kama 10. Kwa mkono unaodhaniwa kuvunjika, faida inazidi hofu.

Altrasaundi haina mionzi hiyo. Hutumia mawimbi ya sauti, ndiyo maana hutumika kwa wajawazito. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki ya 24.

Siti skani hupiga eksirei nyingi kuzunguka mwili, kisha kompyuta huziunganisha. Huonyesha haraka damu iliyovuja kwenye ubongo, lakini mionzi yake ni mingi zaidi. Ndiyo maana si kila mtoto aliyejigonga kichwa huipigwa. Wengine daktari huwaangalia kwa saa kadhaa tu. Usiilazimishe kwa sababu una bima. Ila mkiwa nyumbani akatapika mara kwa mara, akapata degedege au ukimwamsha haamki vizuri, mrudishe hospitali hata kama ni usiku.

MRI hutumia sumaku yenye nguvu. Ina kelele na huweza kuchukua nusu saa au zaidi, hivyo mtoto mdogo anaweza kupewa dawa ya usingizi. Mvue kila kitu cha chuma, na useme kama ana chuma mwilini.

Kabla ya eksirei au siti skani, mama sema kama una mimba au siku zako zimepitiliza, hata kama unaingia kumshika mtoto tu. Kama atachomwa dawa ya kufanya picha ionekane vizuri, taja aleji au ugonjwa wa figo.

Mkipewa rufaa, tuseme kutoka Machame kwenda KCMC, bebeni picha na majibu ya awali. Huenda mtoto asihitaji kupigwa tena. Na kabla hamjaingia chumbani, uliza: “Daktari, picha hii tunatafuta nini?”