Mvinyo mwekundu ni kinywaji, si dawa ya kuongeza damu

Karatu. Barabara ya lami inayopita mji huu kwenda lango la Ngorongoro imezungukwa na hoteli na kambi za watalii. Familia nyingi za hapa zina kijana anayehudumu huko, na si ajabu siku moja akarudi nyumbani na chupa ya mvinyo mwekundu aliyopewa na wageni.

Chupa ikifika mezani, maneno huanza. "Mpe mama kijacho kidogo, unaongeza damu." Wengine humwonjesha hata mtoto. Kabla hujamimina, soma hapa.

Unatoka wapi?

Miongoni mwa mivinyo ya Amerika Kusini inayojulikana zaidi duniani ni Malbec wa Argentina. Zabibu yake asili yake ni Ufaransa. Mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, aliipeleka Argentina mwaka 1853, ikastawi hasa mkoa wa Mendoza, chini ya milima ya Andes.

Mashamba mengi ya huko yako kati ya mita 600 na zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari, na yale ya juu zaidi yanakaribiana na mwinuko wa mji wa Karatu. Mvua ni haba, hivyo wakulima humwagilia kwa maji ya theluji ya milimani yanayoletwa kwa mifereji, kama wakulima wa vitunguu wa Mang'ola wanavyotegemea maji ya chemchemi. Kwetu, zabibu za mvinyo zinalimwa Dodoma.

Huliwa na nini?

Waargentina hunywa Malbec na nyama ya ng'ombe ya kuchoma. Sababu ipo. Mvinyo huu una tanini, ile inayokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea. Protini na mafuta ya nyama huipunguza makali. Ndiyo maana unaendana na nyama choma kuliko samaki. Pilipili nyingi nayo hufanya kilevi kiwashe zaidi.

Suala la damu

Rangi nyekundu ya mvinyo inatoka kwenye maganda ya zabibu, haihusiani na damu. Madini chuma yaliyomo ni kidogo, na tanini ileile huzuia mwili kufyonza madini chuma ya mboga na maharage.

Upungufu wa damu ni tatizo kubwa nchini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionesha asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wanao. Mjamzito anayetegemea mvinyo badala ya vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki anachelewa kupata tiba.

Zaidi ya hapo, kilevi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Anaweza kuzaliwa na uzito mdogo, au baadaye akapata shida ya kujifunza. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito.

Kinachosaidia ni chakula: dagaa, nyama, maharage, mchicha na mnavu. Kamulia limau au kula chungwa baada ya mlo, vitamini C husaidia kufyonza madini chuma. Chai isubiri walau saa moja.

Kwa wengine nyumbani

Chupa ya mililita 750 yenye kilevi asilimia 14 ina mililita 105 za kilevi halisi. Hiyo ni zaidi kidogo ya bia nne za nusu lita zenye asilimia tano. Usiuone ni laini kwa sababu unanywewa kwa glasi ndogo.

Shirika la Afya Duniani lilisema Januari 2023 kuwa hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kiafya. Mtu mzima anayechagua kunywa, ale kwanza, anywe kidogo na asiendeshe bodaboda wala gari.

Mtoto asionjeshwe kabisa. Kilevi kidogo tu kinaweza kushusha sukari mwilini mwake hadi akazimia, na sheria hairuhusu kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18.

Ukimwona mama mjamzito au mtoto ana kizunguzungu, uchovu usioisha au viganja vyeupe, mpeleke zahanati akapimwe damu. Kipimo ni tone moja la kidoleni, na majibu hutoka siku hiyohiyo.