Komeo Kwanza, Kaliba Baadaye

Anayetafuta bunduki ya kuwindia nyati huuliza kaliba kwanza. Tanzania hairuhusu chini ya .375 kwa wanyama hatari, kwa hiyo swali hilo lina msingi. Ila uhai wa mpigaji, pamoja na sehemu kubwa ya bei, umo kwenye komeo, chuma kinachoziba nyuma ya mtutu baruti inapowaka.

Tazama risasi mbili za kaliba ya .416. Ya kampuni ya Rigby ilitoka 1911, ya kampuni ya Remington 1988. Zote hurusha kichwa cha risasi cha gramu 26 kwa kasi ya takriban mita 730 kwa sekunde. Kwa nyati ni kitu kimoja. Kwa bunduki sivyo. Viwango vya Ulaya huikadiria Rigby shinikizo la juu la paundi 47,000 hivi kwa inchi ya mraba, na Remington 62,000. Ganda la Rigby ni nene, baruti ina nafasi ya kutosha. Hilo lilikuwa na maana, kwa sababu baruti za enzi zile zilikuwa zikipandisha shinikizo kwenye jua kali, na ganda likivimba hung'ang'ania chemba, komeo lisifunguke mnyama akiwa anakuja. Gharama yake ni kwamba ganda kubwa hudai komeo refu na mwili mpana wa bunduki, navyo ni ghali kuvitengeneza. Remington hutosha kwenye mwili wa bunduki ya .375, unaotengenezwa kwa wingi.

Na hiyo .375 ya 1912, ambayo wengi huiona mpole, ina kikomo kile kile cha 62,000. Upole wa begani si upole wa komeo.

Mwindaji wa msimu, mwenye komeo jipya na anayeziweka risasi zake kivulini, sioni kwa nini alipie zaidi ya Remington au .375. Anayeongoza wageni porini mwezi wa Oktoba, joto likiwa limepamba moto, ningemshauri aongeze pesa achukue Rigby.

Bunduki ya mitutu miwili ina hesabu nyingine. Hukunjika katikati penye bawaba, na bawaba hiyo haina uimara wa komeo, ndiyo maana risasi yake ya .470 imewekewa kikomo cha 39,000 tu. Mpya kutoka kwa mafundi wakubwa wa London huzidi pauni 100,000, hivyo watu hukimbilia za zamani. Hapo ndipo pa hatari. Risasi ya .450 Nitro Express ya 1898 ilitokana na ganda la .450 la inchi 3¼ lililotumia baruti nyeusi, na inaweza kuingia vizuri kwenye chemba ya bunduki dhaifu iliyoundwa kwa baruti hiyo nyeusi, kisha kuipasua. Kabla ya kutaja bei, mwambie fundi wa bunduki asome mihuri ya majaribio ya London au Birmingham iliyo chini ya mitutu. Kama hakuna mhuri wa nitro, yaani baruti isiyo na moshi, usiinunue kwa ajili ya risasi hiyo, hata ikiuzwa bei ya kutupa.