Kitawala: babu waliobebwa mbali na Masisi na Walikale

Jamaa yenu inasema babu "alibebwa na Wabelgiji, hakurudia"? Waulize wazee kama alikuwa mtu wa Kitawala. Mwaka 1944, kwa uongozi wa Bushiri, watu wa Kitawala walisimama toka Masisi na Walikale mpaka Lobutu kupinga serikali ya koloni na kazi zake za lazima.

Wengi wa Kitawala hawakupita tribinali. Koloni iliwahamisha kwa barua tu, wakaitwa "warelege": kuna waliopelekwa kambi ya Ekafera, kule Équateur. Kwa hiyo usitafute hukumu tu. Tafuta barua ya kuhamishwa. Nyaraka nyingi za koloni ziko Brussels, Ubelgiji. Mbele ya yote, andika jina alilotumia wakati ule, la baba yake, kijiji na shefu wake. Pengine mko na ndugu Équateur hata leo.