Kuruka kwa Kisahani cha Masafa: Mfano wa Ulinganishi katika Somo la Sayansi

Katika mazoezi ya kufundisha ya muhula mmoja uliopita tulihudhuria somo la sayansi la Darasa la Sita lililofundishwa na mwanachuo wetu mmoja. Alikuja na zana ambazo watoto hawakupata kuziona: visahani vya plastiki vya mchezo wa gofu ya visahani, ambavyo chuo kilipewa na mgeni kutoka Marekani. Aliinua kimoja, chembamba chenye ukingo mkali, akatangaza kwamba hicho ndicho kiendacho mbali kuliko vyote, maana kimetengenezwa kwa masafa marefu. Kisha akawatoa watoto uwanjani wakathibitishe. Karibu kila mtoto aliporusha, kisahani cha masafa kilijikunja kushoto upesi na kuanguka nyuma ya kile kinene cha kulengea. Mwalimu akawaambia kuwa hawajui kurusha, akarudi darasani na kuandika ubaoni jibu lake lile lile la awali.

Tunaandika makala haya kwa sababu ya ubao ule. Watoto walikuwa wameona sawasawa, nao wakafundishwa kutoyaamini macho yao. Na sisi tulioketi nyuma na daftari la tathmini hatukujua zaidi ya mwanachuo wetu, ilitubidi tukasome.

Yafaa kwanza mchezo wenyewe ueleweke. Mchezaji hurusha kisahani kwa mkono, akikusudia kukitia katika kikapu cha minyororo kwa mirusho michache iwezekanavyo. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulianzishwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California, kwa juhudi za Ed Headrick. Siku hizo vilitumika visahani vya kawaida vya kuchezea, vyenye ukingo butu. Mwaka 1983 Dave Dunipace alibuni kisahani chenye ukingo uliochongwa kwa mshazari, na baada ya hapo visahani vikagawanyika kwa kazi zake: vya kulengea, vya masafa ya kati, na vya masafa marefu. Sheria haziruhusu ukingo uzidi upana wa sentimita 2.6, wala uzito uzidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo. (Hesabu hii ni nzuri kwa darasa: kisahani chenye kipenyo cha sentimita 21.1 kiwe na uzito gani usiozidiwa?)

Sasa tutazame namna kirukavyo. Hewa ipitayo juu na chini ya kisahani hukiinua. Hewa hiyo hiyo hukikinza kisiende mbele. Ukingo mwembamba na mkali hupasua hewa kwa ukinzani mdogo. Tena, kwa kuwa ukingo wa kisahani cha masafa ni mpana, sehemu kubwa ya uzito wake imekaa pembeni, na kitu chenye uzito pembeni huhifadhi mzunguko wake kwa muda mrefu. Bila mzunguko, kisahani hupinduka mara moja na kuanguka kama kipande cha kigae.

Lakini kujikunja je? Hapa ndipo walimu wengi hukwama, nasi tulikwama. Aliyecheza pia utotoni anajua kwamba pia inayozunguka, ukiisukuma, haiangukii kule ulikoisukumia. Kitu kizungukacho huitika msukumo robo ya mzunguko mbele ya pale kiliposukumwa. Tuchukue mtu wa mkono wa kulia arushaye kwa kuukunjua mkono kutoka kifuani: kisahani chake, kikitazamwa kutoka juu, huzunguka kama akrabu za saa. Kikiwa na kasi kubwa, msukumo wa hewa hukiegemea nyuma ya kitovu chake, hivyo upande wa mbele hutaka kuinama. Mwinamo huo hujitokeza robo ya mzunguko baadaye, yaani upande wa kulia, na kisahani hukengeuka kulia. Kasi ikipungua, kisahani huanza kuzama, hewa hukipiga kwa chini, na msukumo huhamia mbele. Safari hii upande wa mbele hutaka kuinuka. Upande wa kulia ndio unaoinuka, na kisahani hulalia kushoto. Atakayeona maelezo haya ni magumu ashike gurudumu la baiskeli kwa ekseli, mikono miwili, mwenziwe alizungushe kwa nguvu, kisha ajaribu kuligeuza. Mikono itaelewa kabla ya kichwa.

Kampuni ya Innova hueleza kila kisahani kwa tarakimu nne: kasi, kuelea, kukengeuka kulia, na kujikunja kushoto mwishoni. Destroyer, kisahani cha masafa, kina 12, 5, -1 na 3. Leopard kina 6, 5, -2 na 1. Aviar, cha kulengea, kina 2, 3, 0 na 1. Kosa la mwanachuo wetu lilikuwa katika tarakimu ya kwanza. Ile 12 haisemi kwamba kisahani kitakwenda kasi. Inasema kwamba kinadai kasi. Mrushaji hodari hukipa: mwaka 2016 David Wiggins Jr. alirusha kisahani mita 338 huko Primm, Nevada, akisaidiwa na upepo. Mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kukipa kasi hiyo, hivyo kisahani huanza safari yake kutoka mwishoni, yaani kwenye kujikunja. Mikononi mwake Leopard, au hata Aviar, huenda kikafika mbali zaidi.

Mwanachuo atakayefundisha jambo hili asianze na jibu. Kila mtoto ajilinganishe na nafsi yake: mirusho mitatu kwa kila kisahani, kutoka mstari mmoja, upepo ukiwa ule ule, na mpangilio wa visahani ubadilishwe ili uchovu usikionee kimoja. Shule isiyo na visahani itumie vifuniko viwili vya ndoo vilivyo sawa. Kimoja kizungushiwe waya ukingoni, kingine kibandikwe waya wenye urefu huo huo katikati, na ncha zote zifunikwe vema kwa utepe. Vifuniko vya bati visitumike kabisa, maana hukata.

Mwanachuo wetu alirudi darasani wiki iliyofuata, akafuta jibu lake mbele ya watoto, akachora jedwali tupu. Lilipojaa, msichana mmoja aliuliza kama mtu wa mkono wa kushoto naye kisahani chake kitajikunja kushoto. Mwalimu alisema kwamba watajaribu. Darasani walikuwamo watoto wawili wa mkono wa kushoto, na visahani vyao, kila viliporushwa, vilijikunja kulia.