Unanunua motokari ya okazio? Angalia uzima kabla ya rangi



Mara kwa mara, katika kambi zetu, tunaona motokari mpya mbele ya nyumba fulani. "Mpya" ni namna ya kusema tu. Motokari ile imekwisha kutembea miaka kumi au zaidi kwao Japani, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, ikapita Zambia na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa. Mara nyingi ni Toyota RAV4, motokari fupi yenye kusimama juu kidogo, isiyoogopa mashimo wala matope ya wakati wa mvua.

Kuwa na motokari ni jambo jema. Inapeleka watoto masomoni, na usiku inapeleka mama mwenye mimba kwenye maternite. Lakini motokari hiyohiyo inaweza kuleta watu wa nyumba yako kwenye dispanseri. Tuangalie kwa nini.

1. Moshi unaoua pole pole

Siku moja tulipokea baba, mama na watoto watatu. Walitoka Kasumbalesa, safari ya kilometa karibu 90. Watoto waliokaa nyuma walikuwa wakitapika, kichwa kikiwauma, na mdogo alikuwa akisinzia kama mlevi. Mama alisema: "Ni malaria." Tulipima damu, malaria hakuna. Ndipo tukauliza habari za motokari. Walikuwa wameinunua mwezi ule, bomba la moshi lilikuwa limetoboka, na mlango wa nyuma, ule wenye kubeba pine ya akiba, ulifungwa kwa kamba nusu wazi sababu ya magodoro. Moshi wote ulikuwa ukirudi ndani. Kwa bahati walifika mapema, tukawapa oksijeni, wakapona.

Ndani ya moshi wa esanse kuna hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hivi mwili unakosa pumzi ijapokuwa mtu anapumua. Alama zake ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, usingizi. Watu wa motokari moja wakiugua pamoja, simama, fungua milango, toa wote nje, uwapeleke hospitali upesi. Tena usiwashe motere ndani ya garaji iliyofungwa, hata kwa dakika chache.

2. Volani ya kuume

Japani watu wanaendesha upande wa kushoto wa njia, sisi upande wa kuume. Motokari nyingi za kutoka kule zina volani kuume. Matokeo yake ni nini? Ukiwa nyuma ya lori la shaba katika barabara ya Likasi, huoni mbele mpaka motokari yako nzima imetoka katikati ya njia. Basi, kaa mbali na lori, nawe utaona vizuri zaidi. Usipite kwenye kilima wala kwenye kona. Na asiyeona vizuri, asipite!

Jambo lingine ambalo wengi wanalisahau: anayekaa mbele karibu na shofere anashuka upande wa kushoto, yaani katikati ya njia. Aangalie nyuma kwanza. Watoto washuke siku zote kwa mlango wa kuume.

3. Pine ina umri

Pine inaweza kung'aa nayo ni mzee. Tafuta kwenye ubavu wake namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukisoma 2314, maana yake ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. Pine iliyopita miaka kumi ibadilishwe, hata kama meno yake yangali marefu. Meno yakibaki chini ya milimita 1,6, pine haifai tena, hasa njia ikiwa na maji.

4. Mkaba na mfuko wa hewa

Vuta kila mkaba kwa nguvu na kwa ghafula: ni lazima ukaze. Angalia ile ya nyuma pia. Mama asidhani ya kwamba atamshika mtoto kwa mikono wakati wa kugongana. Hakuna mikono yenye nguvu hiyo. Watoto wakae nyuma.

Mifuko ya hewa ya kampuni Takata ya Japani ilitiwa katika mamilioni ya motokari za aina nyingi, hata Toyota. Mingine, baada ya miaka mingi ya joto na unyevu, inaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni pa mtu. Watengenezaji waliita motokari hizo zirudishwe ili kubadilisha mifuko. Andika namba ya shasi, uulize kwa muuzaji wa Toyota kama yako ni mojawapo.

5. Nyumbani, mbele ya mlango

Usiingie chini ya motokari inayosimama juu ya kriki peke yake. Tia vigogo imara na uzuie magurudumu. Usifungue radiateri ingali moto. Usivute esanse kwa kinywa na mpira: tone likiingia katika mapafu, linaweza kuyachoma na kuleta ugonjwa mzito. Aliyemeza esanse asitapishwe wala asipewe maziwa au mafuta. Apelekwe kwetu mara moja.

Kabla ya kulipa

Nenda mchana, pamoja na fundi wako, si yule wa muuzaji. Usiamini hesabu ya kilometa, kwani inaweza kurudishwa nyuma. Angalia pedali na kiti: vikiwa vimekwisha kulika, motokari imetembea sana. Jaribu freni mahali pasipo watu.

Tena, ndugu mfanyakazi, usimalize feza yote kwa kununua. Kaa na bibi yako, mweke kando sehemu ya pine, freni na bomba la moshi. Rangi inaweza kungoja. Mtoto anayekaa nyuma hawezi kungoja.

Chini ya ardhi unavaa kofia bila kuuliza kwa nini. Barabarani, funga mkaba vivyo hivyo.