Kipchoge Keino: Askari polisi aliyegeuza medali kuwa nyumba ya yatima

AGOSTI 5, 2016, wakati dunia ikitazama sherehe za ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ilitoa kwa mara ya kwanza kabisa tuzo iliyoibuni kwa ajili ya watu waliotumia michezo kuendeleza elimu, utamaduni, maendeleo na amani. Aliyeitwa jukwaani kuipokea alikuwa mzee wa miaka 76 kutoka Eldoret, nchini Kenya, ambaye alianza maisha yake ya kazi akiwa askari polisi.

Jina la Kipchoge Keino si geni kwa wapenzi wa riadha. Kisichofahamika vema, hasa kwa vijana wa leo, ni jinsi kazi ya polisi ilivyomtengeneza, na nini alikifanya na umaarufu wake baada ya kuvua viatu vya mbio.

Keino alizaliwa Januari 17, 1940, katika kijiji cha Kipsamo, eneo la Nandi. Alifiwa na mama yake angali mdogo. Alipomaliza masomo alijiunga na Jeshi la Polisi la Kenya, na hatimaye akawa mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi cha Kiganjo, karibu na Nyeri, chini ya Mlima Kenya.

Hapo yafaa msomaji asimame kidogo. Zama zile riadha ilikuwa ya ridhaa. Mkimbiaji alikatazwa kupokea fedha za ushindi, na aliyebainika kuzipokea alifungiwa. Mtoto wa mkulima angewezaje basi kufanya mazoezi kila siku, mwaka baada ya mwaka, bila kulala na njaa? Katika Afrika Mashariki jibu lilikuwa sare. Polisi, jeshi na magereza walimwajiri mkimbiaji, wakampa mshahara, chakula, mahali pa kulala na muda wa kujinoa, kisha wakamshindanisha na wenzake wa vikosi vingine. Wanaodhani kwamba mbio za Kenya zilitokana na hewa ya milimani peke yake huisahau kambi.

Matunda yalionekana mapema. Mwaka 1965 Keino aliweka rekodi ya dunia ya mita 3,000 (dakika 7:39.6) na ile ya mita 5,000 (dakika 13:24.2). Katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alikimbia huku akisumbuliwa na maumivu makali ya nyongo. Alianguka katika mita 10,000 zikiwa zimebaki duru mbili, siku chache baadaye akapata fedha ya mita 5,000 nyuma ya Mohammed Gammoudi wa Tunisia, na Oktoba 20, siku ambayo Wakenya waliiadhimisha kama Siku ya Kenyatta, akaingia fainali ya mita 1,500 dhidi ya Mmarekani Jim Ryun, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia. Ben Jipcho, Mkenya mwenzake, aliianzisha mbio kwa kasi ya kuwachosha wengine. Keino akashinda kwa umbali wa mita zipatazo 20. Miaka minne baadaye, mjini Munich, aliongeza dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na fedha ya mita 1,500.

Mwaka 1973 aliachana na mbio za ridhaa. Kwa hiyo hakuondoka na utajiri wa kutupwa, kinyume na wanavyodhani wengi wanaomlinganisha na mabingwa wa leo. Alikuwa na jina, duka la vifaa vya michezo mjini Eldoret, na shamba ambalo yeye na mkewe, Phyllis, waliliita Kazi Mingi.

Jina hilo halikuwa mzaha. Phyllis ni muuguzi kwa taaluma, na wanandoa hao walikuwa na watoto saba wa kuwazaa. Juu ya hao walianza kuwapokea watoto wengine: yatima, waliotelekezwa, waliokosa mtu wa kuwalea. Haikuwa taasisi yenye geti na kibao. Ilikuwa nyumba iliyokataa kumrudisha mtoto aliyefika mlangoni. Kadiri miaka ilivyopita idadi ikawa makumi kwa makumi, na nyumba hiyo ikageuka kituo kamili cha kulelea watoto. Wafadhili walisaidia, lakini msingi wake ulikuwa kilimo. Shamba lilipaswa kwanza kuwalisha wakazi wake. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo sababu kituo kilidumu miongo kadhaa, ilhali vingi vilivyotegemea barua za maombi vilifungwa mara tu mfadhili alipochoka.

Mwaka 1987 jarida la Sports Illustrated la Marekani lilimweka Keino miongoni mwa wanamichezo wake wa mwaka, si kwa mbio bali kwa malezi hayo. Aidha, mwaka 1999 ilifunguliwa Shule ya Msingi ya Kip Keino, na mwaka 2009 ikafuata ya sekondari. Katikati ya hapo kilianzishwa kituo cha mazoezi ambako wakimbiaji chipukizi, wakiwamo wa kutoka nchi nyingine za Afrika, waliishi na kufundishwa. Keino mwenyewe alipata pia kuwa kocha wa timu ya taifa.

Eldoret ikawa mahali ambapo kijana anaamini miguu yake inaweza kumfikisha popote, hata kwenye barafu. Mkimbiaji Philip Boit, wa maeneo hayo hayo, alipelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza kuteleza kwenye theluji, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Katika Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1998 mjini Nagano alimaliza mbio za kilomita 10 akiwa wa mwisho, nafasi ya 92. Bingwa wa siku hiyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri mstarini ili amkumbatie.

Hata hivyo, simulizi ya Keino ina doa ambalo haifai kulifunika. Aliongoza Kamati ya Olimpiki ya Kenya kuanzia mwaka 1999 hadi 2017, na ni katika Rio ile ile alikotunukiwa ndiko timu ya Kenya ilikokumbwa na kashfa ya fedha na vifaa vya wanamichezo. Oktoba 2018 jina lake lilitajwa miongoni mwa watuhumiwa. Hatimaye upande wa mashtaka uliamua kutomshtaki na ukamfanya shahidi. Mwaka 2021 mahakama ilimtia hatiani aliyekuwa waziri wa michezo, Hassan Wario. Msomaji atapima mwenyewe; lakini watoto waliolelewa Kazi Mingi hawakuwa sehemu ya kesi hiyo.

Na sisi Watanzania? Mwaka 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, aliyemshinda Keino katika mita 1,500 alikuwa kijana wetu Filbert Bayi, naye akitokea kambini, Jeshi la Wananchi (JWTZ). Bayi pia, pamoja na mkewe Anna, baadaye alianzisha shule, jijini Dar es Salaam na Kibaha. Na Alphonce Simbu, aliyetwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia mjini Tokyo, Septemba 2025, ni askari wa JWTZ.

Tuchukue sasa kijana wa Ngana, wilayani Kyela, jirani na mpaka wa Malawi. Kwao ni bonde la mpunga na kakao, joto tele, kimo kisichozidi sana mita 500 za Ziwa Nyasa. Mtu angesema kwamba huko mkimbiaji hazaliwi. Lakini barabara inayotoka Kyela kuelekea Tukuyu humpandisha hadi zaidi ya mita 1,500 katika safari ya saa moja hivi, na juu ya hapo ipo milima ya Rungwe yenye baridi isiyopungua ya Nandi. Hewa anayo karibu. Anachokosa ni mwajiri atakayempa mshahara akimbie, kocha atakayemwona angali shuleni, na nyumba ya kufikia atakapopanda mlimani.